Dada mwenye utu

Hapa Mpanda kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Dada, mbona boneti ina rangi yake na gari lina rangi yake?" Huwa najibu kwa kifupi tu kwamba niligongwa, fundi akakosea kuchanganya rangi. Tunacheka, yanaisha. Leo nimeamua kusimulia kisa kizima, maana kuna kipande ambacho nimekuwa nakiruka kila ninapokisimulia.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Agosti 2023. Nilikuwa natoka Sitalike, kile kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kama kilomita 35 kutoka mjini. Mnaopajua mnajua hali inavyokuwa miezi hiyo. Mto Katuma unabaki madimbwi ya matope na viboko wanabanana humo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari ya maji, nimepiga picha, nimehoji wazee, narudi zangu nikiwa na njaa na vumbi hadi kwenye kope.

Gari lenyewe ni Vitz la mwaka 2002. Nililinunua mkononi kwa akiba ya miaka miwili na mkopo wa saccos, na siku ile nilikuwa bado nadaiwa marejesho ya miezi saba. Kwa mwandishi wa mkoani gari siyo anasa. Habari zetu ziko Mishamo, ziko Karema, ziko Inyonga, na mhariri hataki kusikia kwamba basi limeshaondoka.

Basi bwana, nimebakiza kidogo kuingia mjini, jirani na mashine za kukoboa mpunga, nikakuta Canter imesimama mbele yangu. Imejaa magunia ya mpunga wa Mwamkulu mpaka juu. Nikasimama nyuma yake. Kumbe dereva alikuwa amepitiliza geti la mashine na anataka kurudi. Nikaona taa nyeupe zimewaka. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Utingo alikuwa juu ya magunia anachezea simu. Canter ikaja kinyumenyume taratibu kabisa, bila haraka, kama mtu anayekuja kukusalimia. Twaa!

Sikuumia. Nilitoka nikitetemeka, nikaangalia. Boneti ilikuwa imekunjamana, shoo imevunjika vipande, bampa linaning'inia upande mmoja, na taa ya kushoto haipo tena. Canter haikuwa na hata mkwaruzo wa maana.

Watu wakajaa ndani ya dakika mbili. Bodaboda ndio mahakimu wa barabarani, kila mmoja na hukumu yake. "Dada hana kosa, alikuwa amesimama!" "Aitwe trafiki!" "Trafiki wa nini, watu wazima hawa, waelewane!" Dereva akashuka. Kijana wa rika langu, pengine mdogo kwangu kidogo. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Dada yangu, nimekukosea. Sina cha kujitetea. Ila nakuomba sana, tuyamalize hapa hapa. Gari siyo langu. Nina wiki ya tatu tu tangu nikabidhiwe. Tajiri akisikia polisi, mimi sina kazi."

Hapa ndipo huwa nawaambia watu kwamba nilimwonea huruma. Nilisema, "Sawa kaka, hakuna aliyekufa, tutaelewana." Mama mmoja aliyekuwa na beseni la ndizi akanishika bega, akasema, "Mungu akubariki mwanangu, wasichana wenye utu siku hizi ni wachache." Bodaboda nao wakaniita dada mwenye utu. Nami nikasimama pale, nikazipokea sifa zote bila kurudisha hata moja.

Sasa kile kipande. Bima ya gari langu ilikuwa imekwisha Jumanne ya wiki ile ile. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimejiambia nitakata mshahara ukiingia. Trafiki akija anaomba leseni na bima za pande zote mbili, hata kama umegongwa ukiwa umesimama. Mimi mwandishi wa habari, ambaye mwezi mmoja kabla nilikuwa nimeandika habari ya madereva wasio na bima, nilikuwa naogopa faini ya shilingi elfu thelathini na aibu yake. Huruma ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo. Lakini aliyezungumza kwanza ilikuwa hofu, huruma ikafuata nyuma yake.

Tukaandikiana kwenye daftari langu la kazi: "Nimekubali kutengeneza gari la dada mpaka likamilike." Akatia sahihi, akanipa namba ya simu na elfu hamsini alizokuwa nazo mfukoni. Sikupiga picha. Kamera ilikuwa shingoni, ina picha za viboko zaidi ya mia, na sikupiga hata moja ya ajali yangu. Sikuandika namba ya Canter. Sikuuliza jina la tajiri. Tulifundishwa kuuliza nani, nini, wapi, lini na kwa nini, na siku ile niliuliza nani peke yake.

Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kwenda gereji, nilikimbilia kukata bima. Bima ndogo, shilingi 118,000. Nilizikopa. Mnaona wenyewe kwamba hela ilikuwa inapatikana.

Njiani kwenda gereji ikawaka taa nyekundu ya joto. Kumbe rejeta nayo ilikuwa imechanika kidogo na usiku kucha ilikuwa inadondosha maji. Fundi mkuu wa pale, gereji bubu moja chini ya mwembe, akanitazama kwa masikitiko. "Ungeendelea kilomita mbili tatu, dada, ungeua injini." Kisha akaangalia nyuma yangu. "Shemeji yuko wapi tuongee naye bei?"

Nikamwambia shemeji ni mimi. Kwi kwi kwi. Hakucheka.

Makadirio yake ninayo mpaka leo. Taa ya kushoto ya mtumba 90,000. Shoo 35,000. Rejeta ya mtumba 130,000. Kuchomelea na kurudisha bampa 40,000. Kunyoosha boneti na kupiga rangi 120,000. Ufundi 65,000. Jumla 480,000. Nilipiga picha ile karatasi nikamtumia kijana wa Canter. Akajibu, "Nimeona dada. Nipe muda."

Wadau wa Dar hamuwezi kuelewa maana ya kutafuta taa ya Vitz huku. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mji unakua na maduka ya spea yapo, lakini yanaweka vitu vya pikipiki na malori maana ndiyo biashara ilipo. Reli imefika Mpanda tangu enzi za mkoloni kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, ila taa ya Vitz inakuja kwa basi. Fundi akanipa namba ya mtu wake wa Ilala. Nikamtumia hela kwa simu mtu nisiyemjua hata sura, nikabaki naomba Mungu. Siku ya nne kifurushi kikafika stendi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kilikotoka, kimefungwa vizuri na gazeti na kamba. Nikakipeleka gereji mbio. Fundi akafungua, akainua taa juu, akaizungusha.

"Hii ya kulia."

Kuirudisha nauli yangu, kuletewa nyingine nauli yangu. Wiki mbili nilitembea kwa bodaboda, na habari moja ya Karema ikaenda kwa mwandishi mwingine.

Rangi ndiyo iliyonimaliza. Gari langu ni silva, nami nilidhani silva ni silva. Kumbe zipo silva chungu nzima, na kila gari lina namba ya rangi yake, imeandikwa kwenye kibati au kibandiko chenye maelezo ya gari, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Fundi rangi hakuiangalia. Alichanganya kwa jicho, jioni, taa za gereji zimewaka. Asubuhi jua lilipotoka boneti ikawa na ubluu wa mbali na gari zima lina ukijivu. Nikalalamika. Akasema ikikaa juani itafanana. Imekaa juani tangu 2023. Haijafanana.

Na kijana wa Canter? Wiki ya pili alinitumia elfu thelathini. Wiki ya nne, ishirini. Jumla na ile hamsini ya kwanza, laki moja kamili. Kisha simu ikawa haipatikani. Nikapiga asubuhi, nikapiga usiku, nikapiga kwa namba ya rafiki yangu. Haipatikani. Nilianza kuwa na hasira za mtu aliyetapeliwa. Nilikuwa namsimulia kila mtu kwamba watu wa siku hizi hawana shukrani, unawaonea huruma halafu wanakukimbia. Mnaona nilivyokuwa? Uongo wangu mwenyewe nilishauamini.

Mwishoni mwa Septemba nikaenda mashineni. Canter ilikuwa pale pale, inapakuliwa. Kwenye usukani amekaa dereva mwingine. Utingo ni yule yule, akanitambua kabla sijasema kitu.

"Dada, jamaa alishafukuzwa. Tajiri alikuja kusikia mtaani kwamba gari liligonga."

Nikasimama pale bila la kusema. Macho yakaenda kwenye namba ya Canter. Nikatoa simu, nikafungua mtandao wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Siku hizi stika ni za kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wao akaona kama lina bima. Nikaingiza. Ikaleta. Canter ilikuwa na bima hai, na ilikuwa hai siku ile ya Agosti.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa najua nusunusu tu: bima ndogo haitengenezi gari lako ukiharibu mwenyewe. Inamlipa yule uliyemharibia. Mimi ndiye niliyeharibiwa. Bima ya Canter ndiyo iliyotakiwa kununua ile taa, ile shoo na ile rejeta. Ningeita trafiki, akapima, akachora mchoro wake, polisi wakakagua gari na kutoa ripoti zao, fomu zile za PF 90 na PF 93, nikaambatanisha makadirio ya fundi na nakala ya kadi ya gari, nikapeleka madai kwa kampuni ya bima ya Canter. Ni mlolongo, sikatai, na unaweza kuchosha. Lakini mwezi mmoja baadaye, gari limeshasogezwa, limeshanyooshwa, limeshapakwa rangi, hakuna picha wala ripoti, nilikuwa na ukurasa mmoja wa daftari tu.

Tajiri mwenyewe alikuwa ndani ya ofisi ya mashine, mzee wa makamo mwenye kanzu, anahesabu risiti. Nikamwamkia, nikajieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa binti yangu, mbona hamkuniita? Bima nalipa kila mwaka na sijawahi kuitumia hata siku moja. Kugonga ni mambo ya barabarani, hata mimi nimegonga. Yule kijana sikumfukuza kwa kugonga. Nilimfukuza kwa kunificha. Mtu anayeficha bampa la mtu kesho atanificha magunia."

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na wewe, kwa nini hukuita trafiki? Mbona wewe ndiye mwenye haki?"

Nikasema, "Nilimwonea huruma kijana wako, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. "Una utu, binti yangu." Akanipa elfu hamsini za kupooza moyo. Nilikataa. Alidhani nakataa kwa ustaarabu.

Usiku ule nilifungua kompyuta nikaangalia habari zangu za zamani za ajali. Nyingi zinaishia sehemu moja: chanzo cha ajali ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi mpaka vidole vinaijua. Kamanda anasema, naandika, naondoka. Sijawahi kurudi mwezi mmoja baadaye kuuliza nani alilipa, nani alifukuzwa kazi, nani anaendesha na taa moja. Kwenye ajali yangu uzembe wa dereva ulivunja taa na kukunja boneti. Yaliyobaki tulivunja wawili, kwa kuficha.

Kwa hiyo wadau, kama kuna atakayegongwa kesho, nawaomba yafuatayo. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba za magari yote mawili, barabara, alama za matairi, uharibifu wa karibu na wa mbali. Chukua jina la dereva na la mwenye gari, leseni, na majina ya mashahidi wawili. Hakiki bima ya aliyekugonga hapo hapo kwa simu. Kama kuna aliyeumia, hata kidogo, hayo siyo ya kumalizana, nendeni polisi mkachukue PF3 kisha hospitali. Fundi akupe makadirio kwa maandishi, na umwoneshe namba ya rangi kabla hajafungua kopo. Ukiagiza taa kutoka mbali, tuma picha ya iliyovunjika na uandike KUSHOTO kwa herufi kubwa. Mkiamua kumalizana, sawa, huruma siyo kosa, lakini mwiteni mwenye gari, kiasi kiandikwe na tarehe iandikwe. Na kata bima yako kabla haijaisha. Siku tatu zinatosha kukuharibia.

Namalizia. Novemba ile nilitoka sokoni Buzogwe na mfuko wa mchele, nikaita bodaboda. Aliyekuja ni yeye. Tulitazamana, akazima pikipiki.

"Dada, nimekuwa nakukwepa," akasema. "Simu niliiuza. Kuna siku nilikuona nikapita njia nyingine." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu kumi iliyokunjwa mara nne. "Shika hii. Nitakuwa nakupa hivi hivi mpaka iishe. Wewe ulinisitiri."

Lile neno lilinichoma kuliko maneno ya mzee. Nikamrudishia hela. Nikamwambia kila kitu, pale pale barabarani na mchele wangu mkononi: bima yangu ilikwisha Jumanne, Canter ilikuwa na bima, mimi ndiye niliyeogopa trafiki. Nikamwambia hanidai wala simdai.

Alikaa kimya kitambo. Nilitegemea atukane. Alikuwa na haki hiyo.

"Faini ilikuwa shilingi ngapi?" akauliza.

"Elfu thelathini."

Akacheka, kicheko kile cha mtu asiyefurahi. "Dada, siku ile nilikuwa na elfu hamsini mfukoni. Ningekulipia."

Akanipeleka nyumbani. Hatukuongea njia nzima. Nilipotaka kulipa nauli akapokea, elfu moja kamili, akasema asante, akageuza pikipiki. Kesho yake nilirudi kwa yule mzee nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza vile vile mpaka mwisho. Akasema dereva mpya ameshazoea gari na hana kosa, hawezi kumtoa. Safari hii hakunisifia.

Fundi ameniambia mara kadhaa nilete gari arekebishe rangi ya boneti kwa nusu bei. Huwa namwambia nitakuja. Bado sijaenda.